Picha ina meno ya chanuo, na maandishi ya chini yanasuasua (Kodi, DVB-T2)

Swali, antena_ya_bati

Wakuu, naomba msaada. Nina kompyuta ndogo ya Linux yenye grafiki za Intel, nimeichomeka kwenye TV ya 1080p kwa HDMI, na tyuna ya USB ya DVB-T2 (TV ya dijitali ya antena). Natazama kwa Kodi (programu ya kuchezea video na TV). Mtangazaji akiwa amekaa studio picha ni safi, ila mpira ukianza, kingo za mchezaji anayekimbia zinakatika mistari mistari kama meno ya chanuo. Nikichagua "Deinterlace (Half)" meno yanaisha, lakini maandishi yanayopita chini ya skrini yanaanza kusuasua. Shida ni tyuna, kebo au setingi?

Jibu, fremu50

Tyuna na kebo viache, mkuu. Mawimbi mabovu huleta vibokisi na sauti kukatika, hayaleti meno.

Chaneli hiyo inarushwa kwa intalesi: kila fremu ya mistari 576 ni fildi mbili za mistari 288 inayopishana, na fildi ya pili imepigwa sekunde 1/50 baada ya ya kwanza. Mtu aliyetulia hana tofauti kati ya fildi hizo. Anayekimbia ameshasogea, kwa hiyo ukizifuma pamoja unaona meno.

Ulichochagua ndicho kinachokusumbua. Hiyo "Half" hutoa fremu 25 kwa sekunde, yaani nusu ya mwendo umeitupa, na maandishi yanayopita ndiyo ya kwanza kulalamika. VAAPI ni njia ya Linux ya kuipa chipu ya grafiki kazi ya video; chagua "VAAPI motion adaptive", au "VAAPI motion compensated" kama chipu yako inayo. Zote hutoa fremu 50. "VAAPI bob" iwe ya mwisho, maana mistari ya uwanja na nembo za pembeni hutetemeka juu na chini. Ukimaliza ifanye setingi hiyo iwe ya kudumu kwa video zote, la sivyo utarudia kila ukibadili chaneli.

Jibu, antena_ya_bati

Shukrani mkuu. Nimeweka motion adaptive, meno hakuna. Maandishi yana nafuu, ila bado yana mshtuko mdogo mdogo usiokoma.

Jibu, kebo_fupi

TV yako iko 60 Hz (inachora picha mara 60 kwa sekunde), sivyo? Fremu 50 ndani ya 60 maana yake kila fremu ya tano inaonyeshwa mara mbili, mara 10 kwa sekunde. Hapo hakuna kichujio kitakachokusaidia.

Nenda Settings, Player, Videos, "Adjust display refresh rate", weka "On start / stop". Kisha Settings, System, Display, ufungue "Whitelist" (kama haionekani, pandisha kiwango cha setingi hadi Expert) na utie tiki 1920x1080 ya 50 Hz. Hakikisha ni ile ya p (progressive, yaani fremu nzima), si ya i (intalesi). Ukitoa 1080i, kompyuta itagawa tena fildi ulizokwisha kuziunganisha, TV iziunganishe upya, na kazi yote imekwenda bure. Mechi ikiwa inacheza, bonyeza kitufe cha taarifa cha TV: lazima kisome 50 Hz.

Jibu, fremu50

Naongeza la rekodi, kwa sababu huko ndiko watu huharibu moja kwa moja. Hifadhi faili la .ts kama lilivyotoka hewani. Kabla ya kuligusa lipime kwa ffmpeg (programu ya amri ya kuchakata video):

`ffmpeg -i mechi.ts -vf idet -frames:v 1000 -an -f null -`

Soma mstari wa "Multi frame detection". TFF ikiwa nyingi, ni intalesi inayoanza na fildi ya juu. Progressive ikiwa nyingi, usiguse kitu: filamu nyingi hurushwa hivyo hata kama programu ya MediaInfo inasema "Interlaced", na kuichuja ni kuipunguzia ukali bure. Pima kipande chenye mwendo, picha iliyotulia hudanganya.

Kuondoa intalesi (kwa kichujio cha `bwdif`) na kupunguza ukubwa wa faili:

`ffmpeg -i mechi.ts -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy mechi.mkv`

Ukitaka kubadili vipimo, `scale` ije baada ya `bwdif`. Ikitangulia, mistari ya fildi mbili inachanganyika na hakuna programu itakayoitenganisha tena.

Jibu, kebo_fupi

Na picha ikirudi nyuma na kwenda mbele kwa kutetemeka, mpangilio wa fildi umegeuzwa. Ongeza `parity=tff` (fildi ya juu kwanza) au `parity=bff` (ya chini kwanza), hivi: `bwdif=mode=send_field:parity=tff`. Moja ikitetemeka, nyingine ndiyo sahihi.