Mtoto anajitikisa kitandani kila usiku mpaka kitanda kinagonga ukuta. Ni usonji?

MamaFarhan_Makorora

Asalaam alaykum, habari za jioni wapendwa. Naomba ushauri, hasa kwa mama wenzangu na walio kwenye fani ya afya.

Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minane. Usiku nikishamlaza, taa ikizimwa tu, anainuka, anapiga magoti, mikono kwenye godoro, anaanza kujisukuma mbele na nyuma huku anaguna "mm, mm, mm". Kitanda chetu ni cha mninga, cha zamani, nati zimelegea, basi kinagonga ukuta. Tumepanga hapa Makorora, na chumba cha pili yupo kaka mmoja anayeamka usiku kuwahi samaki pwani. Akichoka naye anagonga ukuta upande wake. Farhan akisikia anadhani amepata mwenzake, anaongeza kasi!

Inachukua kama dakika kumi, halafu anaanguka kifudifudi na usingizi huo. Nikimwita katikati anaacha, ananitazama, anacheka, kisha anaendelea.

Mchana hana shida, mtundu tu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Anakaa miguuni pangu na vipande vya kitambaa. Kunguru akitua kwenye mwarobaini ananyoosha kidole, "ku! ku!", kisha ananigeukia usoni ahakikishe nami nimemwona. Nisipotazama ananivuta gauni.

Sasa mama mkwe anasema ni mchango, anataka avalishwe hirizi. Wifi yangu wa Dar kanitumia klipu, dada mmoja anasema mtoto akijitikisa ni dalili ya usonji, na tangu hapo usingizi sina. Baba yake anasema muache acheze ngoma yake. Nimsikilize nani? Na huu ukuta nao nifanyeje?

Seremala_Pongwe

Dada pole. Ya daktari siyajui, ya kitanda nayajua. Toa godoro, kaza nati zote kwa spana, na kila nati iwekee washa, maana mbao ya zamani imeshaliwa tundu. Kisha chukua tyubu mbovu ya baiskeli (Tanga hii huikosi), kata vipande, vika miguu ya kitanda. Sogeza kitanda mbali na ukuta kama shibiri mbili. Jirani atalala.

BiTausi

Mpe piritoni nusu kijiko, atalala fofofo mpaka asubuhi. Wangu wote nimewakuza hivyo.

Nesi_Mstaafu_Tanga

Bi Tausi, kwa heshima zote dada yangu, hapo nakukatalia. Ile ni dawa ya mzio. Mtoto mdogo inaweza kumlevya kupita kiasi, mwingine inamgeuka, badala ya kulala anacharuka. Asipewe bila daktari.

Mama Farhan, mwanangu, nimekusoma polepole. Kujitikisa kwa magoti, kugongesha kichwa kwenye mto au ubao, kugeuzageuza kichwa kulia na kushoto: hayo yote ni kundi moja, na huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na 9. Takwimu zinazotajwa katika tiba ya usingizi ni kwamba kwenye miezi 9 watoto kama 59 katika 100 wanafanya mojawapo, kwenye miezi 18 wanabaki 33, na kwenye miaka 5 wanabaki kama 5. Mdundo wenyewe ni wa mara moja au mbili kwa sekunde, na kwa kawaida haupiti robo saa. Farhan yumo humohumo. Wewe ulimbeba mgongoni kwa khanga ukamtikisa akalala, sasa ameijua kazi, anajitikisa mwenyewe.

Kuhusu usonji. Daktari anatafuta mambo mawili yakiwa pamoja: shida katika kuwasiliana na kuhusiana na watu, na tabia za kujirudiarudia au kung'ang'ania vitu fulani. La pili likiwa peke yake halitoshi. Ni kweli watoto wengi wenye usonji hujitikisa, na wengi wana usingizi wa taabu, lakini kwao utaona na mengine mchana kweupe. Huyo dada wa kwenye klipu ameshika ncha moja ya kamba akadhani ana ng'ombe.

Halafu umetuandikia habari ya kunguru kama jambo la kupita. Mimi ndiyo niliyoiona kwanza. Mtoto anyooshe kidole ili na wewe uone, kisha akutazame kama umeona! Hilo limo katika maswali 20 ya M-CHAT, dodoso la kuchuja dalili za usonji kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hapo ndipo pagumu. Akiitwa anageuka? Anacheza mchezo wa kuigiza, anajifanya anakunywa chai kwenye kikombe kitupu? Ukionyesha kitu upande wa pili wa chumba, anatazama ulikoonyesha? Tujibu.

Ambacho kingenitia mimi wasiwasi zaidi usiku ni degedege. Mtoto wa degedege humkatizi kwa kumwita jina. Macho yanapinduka au yanakodoa, mwili unakakamaa, pengine unarusha upande mmoja tu, na baadaye analegea. Na mtoto wa chini ya mwaka anayejikunja ghafla, anaachia, anajikunja tena, mfululizo, hasa akitoka kuamka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama baada ya hapo anacheka. Wako anaacha, anakutazama, anacheka, anaendelea. Hata hivyo mrekodi kwa simu usiku mmoja, dakika mbili zinatosha. Daktari akiona video anaelewa kuliko maelezo ya nusu saa.

Nyumbani, usimkemee na usimshike kwa nguvu. Asikae kitandani muda mrefu kabla usingizi haujamjia. Mchunguze masikio kama yanatoa usaha, na meno. Ukitaka, shusha godoro chini, ila chandarua kishuke nalo na uchomekee vizuri, mbu wetu unawajua. Na hirizi ya mama mkwe, sitaki ugomvi ndani ya nyumba: isiwe na uzi shingoni wakati wa kulala, basi.

UmmuIdrisa_Bagamoyo

Mama Farhan, mimi wangu ana usonji, sasa ana miaka saba. Naye alikuwa anajitikisa usiku, na anajitikisa mpaka leo. Lakini kilichonipeleka hospitali hakikuwa hicho.

Alikuwa na maneno: "taa", "maji", "dadi". Kuelekea mwaka na nusu yakaanza kupotea, moja moja, mpaka akabaki kimya. Ukimwita jina hageuki, lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha tatu anakuja mbio. Kwa hiyo tukaanza na kipimo cha masikio, na masikio yalikuwa mazima. Akitaka kikombe ananishika kifundo cha mkono, anaupeleka mkono wangu kwenye kikombe, usoni hanitazami kabisa, kama mkono si wa mtu. Tulikuwa tunaishi karibu na pwani huku Dunda. Makombe aliyookotewa na dada yake aliyapanga barazani mstari mmoja mrefu, mkubwa mpaka mdogo, na ukiligusa moja tu, kilio chake mtaa mzima wanajua.

Watu walinambia ni chanjo ya surua. Nikasoma, nikakuta makala iliyoanzisha maneno hayo mwaka 1998 ilifutwa na jarida lenyewe, Lancet, mwaka 2010. Mdogo wake nimemchanja zote, miezi 9 na miezi 18.

Hofu yako naielewa, ila usiogope hilo neno kama vile ni msiba. Wangu anasoma kitengo cha mahitaji maalumu, anachora majahazi mpaka kamba za tanga huwezi kumkosoa. Kujitikisa kwake namuacha. Anatulia kwa hivyo, namnyang'anya ili iweje?

MamaFarhan_Makorora

Ahsanteni sana. Nesi, kuitwa anageuka, hata akiitwa na watoto wa jirani. Chai ya uongo anakunywa, na ananinywesha mimi na cherehani. Maneno ni machache: mama, baba, "ku", "lete", na "tata" ambayo ni kila chenye magurudumu. Je, ni machache mno? Seremala, nati tumekaza, tyubu tumeweka. Jirani kaniuliza kama mtoto amesafiri.

Nesi_Mstaafu_Tanga

Kwa umri wake yanatosha. Akifika miaka 2 tunatarajia aanze kuunganisha mawili, "lete maji", "baba njoo". Asipofikia hapo, au akianza kupoteza aliyonayo, hapo usisubiri tarehe yoyote ya kadi, mpeleke.

Baba_K_Muheza

Samahani naingilia. Wangu wa kike ana miaka miwili na nusu. Anagonga kichwa ukutani mchana na usiku, mpaka paji limefanya sugu. Ukimwita hageuki, neno hana hata moja. Bibi yake anasema hata mimi nilichelewa kuongea. Tusubiri?

Nesi_Mstaafu_Tanga

Hapana, baba, usisubiri. Bibi yake anaweza kuwa na haki kuhusu wewe, lakini huyu ana mambo matatu kwa pamoja. Wiki hii mpeleke kliniki ya watoto, hospitali ya wilaya au moja kwa moja Bombo, hospitali ya mkoa. Chukua kadi yake ya kliniki, rekodi video ya mchana na ya usiku, na uombe masikio yapimwe kwanza. Useme wazi kwamba haitikii jina na haongei, usiseme tu "anagonga kichwa", maana ukisema hivyo utarudishwa na dawa ya minyoo. Ikihitajika wataalamu wa Muhimbili, omba wakuandikie rufaa. Na ukutani anapogonga, tundika kipande cha godoro leo hii.