Naombeni msaada: nachambuaje mhusika na msuko kwenye dondoo la riwaya?

Mwanakidato: Wakuu, habari za jioni. Nipo kidato cha sita. Tumepewa kipande cha Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), pale Zakaria anapomchapa bintiye Rosa kwa ajili ya barua ya mapenzi kutoka kwa kijana Charles. Swali linataka mhusika na msuko. Nimejaza kurasa mbili, zimerudi na wino mwekundu: "Umesimulia, hujachambua." Tofauti iko wapi jamani?

Kaka Mkubwa: Pole mdogo wangu. Tuwekee sentensi moja uliyoandika kuhusu Zakaria.

Mwanakidato: "Zakaria ni mkali kwa sababu alimpiga Rosa."

Kaka Mkubwa: Ukali kila msomaji anauona. Jiulize unamfaa nani. Huyo mzee ni mlevi, heshima yake imeshachakaa, na kiboko ni njia rahisi ya kuonekana bado ana amri nyumbani. Hapo unachambua, hata mwalimu asipokubaliana nawe.

Ticha Mstaafu: Naongezea kwenye msuko. Barua ikaonekana, binti akachapwa, akaenda bwenini: hayo ni matukio yamepangwa foleni. Msuko ni kinachoyafunga. Rosa amelelewa kwa hofu ya baba, hivyo akiwa mbali na macho yake hana kingine cha kumwongoza. Sasa kiondoe kile kipigo kichwani mwako. Je, kujiua kwake mwishoni kutaeleweka vilevile? Kama hapana, andika ni kwa nini, na hiyo ndiyo aya yako nzuri kuliko zote. Taharuki (hamu ya kujua kitakachofuata) na mbinu rejeshi (kurudi kwenye matukio ya nyuma) zitaje pale tu zinapofanya kazi. Wengi mnazimwaga kama chumvi.

Mpita Njia: Mnamtetea sana mlevi. Kwangu Zakaria ni mhusika bapa, basi.

Ticha Mstaafu: Inawezekana, ila bapa si tusi. Ni mhusika asiyebadilika. Mtahini anataka kuona umelithibitisha.

Mwanakidato: Nimejaribu tena: "Zakaria anachapa ili aonekane bado ni baba mwenye amri, na kipigo hicho kinampeleka Rosa bwenini akiwa na hofu, bila busara."

Kaka Mkubwa: Umepiga hatua. Ila hiyo "bila busara" umeitoa mstari gani? Kama haumo kwenye dondoo, ifute.