Naomba ushauri: toleo litoke kwa tarehe au likiwa tayari?

Wakuu, habari za leo. Tuna programu huria ya hesabu za vikoba, tunaitengeneza kwa kujitolea, na tumekwama kwenye utaratibu. Toleo jipya lilitakiwa litoke Juni. Kila tukikaribia, mtu analeta kipengele kipya na kuomba kisubiriwe kidogo. Huku nyuma, riba iliyokuwa inakokotolewa vibaya mkopo ukilipwa kabla ya muda tumeshairekebisha, lakini marekebisho hayamfikii mweka hazina wa kikundi kwa sababu yamechanganywa na kazi ambayo haijaisha. Hilo ndilo linaloniumiza, maana ni fedha za watu.

Mimi naegemea mtindo wa Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta: toleo kila Aprili na Oktoba, kisichokuwa tayari kinangoja basi linalofuata. Wenzangu wanataka wa Debian, mfumo mwingine wa aina hiyo: litoke likiiva. Sawa, ila Debian hutangaza mapema lini mabadiliko makubwa yataacha kupokelewa, na toleo lililopo huendelea kurekebishwa. Sisi hatuna hata kimoja.

Halafu kuna uamuzi. Mwanzilishi ndiye mwenye neno la mwisho. Akibanwa na ajira yake, kila kitu kinasimama. Kwenye Python, lugha huria ya kuandikia programu, baada ya mwanzilishi wake Guido van Rossum kung'atuka 2018, wachangiaji wakuu walipiga kura kuweka baraza la watu 5. Sisi ni wachache mno, labda 3?

Mliowahi kulipitia hili, mlianza na tarehe au na baraza? Na mwanzilishi mlimwambiaje bila kumvunjia heshima?