Nafasi ya uzamili Uingereza bila ufadhili: nikubali?

Maabara_Ksm
Habari zenu wakubwa. Nafanya kazi katika maabara ya hospitali hapa Kisumu, ajira ya kudumu. Nimepata nafasi ya kusomea epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea, huko Uingereza, mwaka mmoja, kuanzia Septemba. Karo pekee pauni 19,800, na ufadhili hakuna. Akiba yangu ni laki sita. Sacco itanipa milioni moja na nusu, wenzangu watatu kazini wamekubali kunidhamini. Mzee naye anasema tuweke benki hati ya shamba la Ahero, lile la mpunga. Binamu yangu aliye Leeds ananiambia nije tu, kazi za kutunza wazee zipo, nitajilipia hukohuko. Chuo kinataka malipo ya awali kabla mwezi haujaisha. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Mtu wa Kondele
Nenda bwana! Ukifika huko mambo yatajipanga.

MamaNjoro
Yatapangwa na nani? Mdogo wangu, mimi nimo kwenye kamati ya mikopo ya sacco moja hapa Nakuru, acha niseme ninayoyaona. Ukichukua likizo bila malipo, mshahara unasimama na makato yanasimama. Mkopo hausimami. Miezi michache tu, wale watatu wanaanza kukatwa wao, na kuna mmoja atakuwa na mtoto wa kidato cha kwanza. Nimewaona watu wakija ofisini kwetu kulia kwa deni la mtu aliye ng'ambo ambaye hashiki simu.

Halafu visa. Karo iliyobaki pamoja na pesa za kuishi miezi tisa lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo kabla hujaomba. Kwa hivyo utakopa mapema na riba itakula pesa zimelala tu. Ada ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, nayo inalipwa pamoja na maombi ya visa. Na huyo binamu amekwambia kwamba muhula ukiendelea mwanafunzi anaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki? Hizo zitakusaidia kwa kodi ya nyumba na chakula. Karo, sahau.

Shamba msiliguse. Waandikie chuo uombe kuahirisha hadi mwaka ujao, vyuo vingi hukubali. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufungua maombi mwezi wa nane; wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Wewe una kazi ya kurudia, sasa shida iko wapi?

Jirani wa Maseno
Naunga mkono, ila hata hapa kuna shule. Mimi nilisomea afya ya umma Maseno nikiwa kazini, karo nikilipa kidogo kidogo. Sitakudanganya, ni kuchoka, na msimamizi wa tasnifu unamtafuta kama mtu anayekudai. Lakini malaria ya ukanda wa ziwa iko mlangoni kwako, data hufuati Ulaya. Kwanza waulize watu wa ajira kama uzamili utakupandisha daraja. Kama haukupandishi, deni la mamilioni utalilipa na mshahara upi?

Maabara_Ksm
Asanteni. Jana nimewaandikia chuo kuomba kuahirisha, na wadhamini nimewaambia watulie. Mzee amenuna kidogo, alikuwa ameshatangaza kanisani. MamaNjoro, nikiandika zile insha za Chevening naweza kukutumia uzipitie?

MamaNjoro
Tuma. Lakini si usiku wa mwisho.