Madden NFL 26: Klabu ya 99 ina watu saba, Detroit Lions hata mmoja hakuna. Huu ni uhuni

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hasira tupu za shabiki wa Detroit Lions, kwa hiyo shabiki wa timu pinzani kama Philadelphia Eagles, Packers au Bears mwenye moyo mwepesi apite kimyakimya asije akasema hakuonywa.

Madden NFL 26, gemu ya video ya mpira wa Kimarekani wa ligi ya NFL, imetoka tarehe 14 Agosti 2025. Kabla haijatoka, EA Sports wanaoitengeneza walifanya mchezo wao wa kila mwaka: wanadondosha alama za wachezaji kidogo kidogo, leo wapokeaji, kesho walinzi, ili watu tugombane mtandaoni na wao wapate matangazo ya bure. Kilele chake ni Klabu ya 99, yaani wale waliopewa alama ya juu kabisa. Mwaka huu wameingia saba: Saquon Barkley na Lane Johnson wa Philadelphia, Lamar Jackson wa Baltimore, Josh Allen wa Buffalo, Ja'Marr Chase wa Cincinnati, Justin Jefferson wa Minnesota, na Myles Garrett wa Cleveland.

Haya, nionyesheni mtu wa Lions hapo. Mmoja tu.

Kwa wale wa FC (gemu ya soka ya EA) ambao Madden hawaifuati, alama zinafanya kazi vilevile kama mlivyozoea. Kila mchezaji ana tarakimu nyingi za chini, kasi, nguvu, wepesi wa kugeuka na kadhalika, halafu mashine inazichanganya kulingana na nafasi anayocheza, inakutolea namba moja ya jumla. Namba hiyo ndiyo inayokupa heshima au kukuvua nguo mbele ya jirani yako.

Sasa nauliza kwa utulivu, utulivu wa mwisho kwenye uzi huu: kigezo ni nini?

Kama kigezo ni timu kushinda, msimu wa 2024 Detroit Lions walimaliza na ushindi 15 na vipigo 2. Hiyo ndiyo rekodi bora kuliko zote katika historia ya timu. Walifunga pointi 564, hakuna timu nyingine kwenye ligi iliyozifikia. Kumbe hao wenzetu walifanya nini? Cincinnati ya Chase ilipata 9-8, na mechi za mchujo za kuwania ubingwa ikazisikia redioni. Cleveland ya Garrett ilishinda mechi 3. Tatu! Basi kushinda si kigezo. Sawa, nakubali, na sina ugomvi na Garrett, yule ni mnyama.

Kama kigezo ni mtu binafsi bila kujali timu, basi twende kwa Penei Sewell, na hapa ndipo mtanisamehe, maana nitakaa kwa muda.

Sewell ni mlinzi wa pembeni upande wa kulia kwenye mstari wa mbele wa ushambuliaji, yule anayehakikisha QB, mrusha pasi mkuu wa timu, haangushwi na kwamba mkimbiaji anapata njia. Lane Johnson anacheza nafasi hiyohiyo, upande huohuo. Kila mwaka waandishi wanaopiga kura ya Associated Press huchagua kikosi bora cha ligi nzima, na mlinzi wa kulia wa kikosi cha kwanza huwa mmoja. Msimu wa 2023 alikuwa Sewell. Msimu wa 2024 alikuwa Sewell tena. Yaani watu wanaolipwa kutazama mpira huu waliwaweka hao wawili kwenye mizani moja, mara mbili mfululizo, na mara zote mbili mizani ikaegemea Detroit. EA wakaja, wakatazama mizani hiyohiyo, wakampa 99 yule wa pili.

Msinitafsiri vibaya. Lane Johnson ni gwiji. Aliingia ligi mwaka 2013 akiwa chaguo la nne timu zilipogawana wachezaji wapya, ana pete mbili za ubingwa wa Super Bowl, na siku atakapostaafu nadhani atakwenda kwenye Ukumbi wa Mashuhuri bila mjadala mrefu. Lakini gemu imetoka akiwa na miaka 35. Alama za Madden 26 zinatakiwa kueleza mchezaji wa msimu huu, siyo kumwagia mtu zawadi ya utumishi wa muda mrefu kama mwalimu mkuu anayeagwa. Kama wanataka kumuenzi, wamchongee sanamu pale Philadelphia.

Sewell alikuwa na miaka 24 gemu ilipotoka. Mzaliwa wa Samoa ya Marekani, chaguo la saba mwaka 2021, uzito wake unapita kilo 150, na bado anachomoka kwenye mstari, anakimbia pembeni mbele ya mkimbiaji wake na kumfagia mlinzi mwepesi wa wapinzani aliye katikati ya uwanja. Watu wa uzito huo hawakimbii hivyo. Desemba 2022 dhidi ya Minnesota Vikings, dakika za lala salama, Lions wakihitaji yadi saba tu ili mechi iishe, kocha Dan Campbell na benchi lake waliamua pasi apigiwe nani? Sewell. Mlinzi wa mstari! Akaidaka, akapata yadi tisa, mechi ikaishia hapo. Fundi wa namna hiyo unamwekea namba ipi, kama siyo ile ya juu kabisa uliyonayo?

Huo ndio ubovu wa mfumo wenyewe, na ndio unaoiumiza Detroit kuliko timu nyingine. Namba za Madden zinapenda kitu kinachoonekana: kasi, mikono, mruko, mkono wenye kombora. Lions ya Campbell imejengwa kwa vitu visivyoonekana kwenye klipu ya sekunde kumi: mstari wa mbele unaosogea pamoja, pasi inayotoka mkononi kwa wakati, mpokeaji ambaye anazuia watu hata pale mpira hauji kwake. NFL wamepachika vihisi kwenye pedi za mabega za wachezaji, kila hatua uwanjani inapimwa. Takwimu zipo za kumwaga. Halafu tunaletewa namba zinazonuka majina ya magazetini.

Jared Goff je? Hapa najua mnanisubiri na mawe.

Ndiyo, Goff hakimbii. Ukimpa yadi tano za wazi atazifikiria kwanza. Kwenye Madden ya mtandaoni, ambako kila mtoto wa miaka kumi na minne anachukua QB mwenye kasi, anarudi nyuma yadi ishirini na kuanza kuzunguka, Goff ni mzigo. Nalielewa hilo. Lakini msimu wa 2024 alirusha yadi 4,629, tachidauni 37 (yaani mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani), na zaidi ya asilimia 72 ya pasi zake zilifika. Tarehe 30 Septemba 2024 dhidi ya Seattle alirusha pasi 18, zikafika 18. Hakuna QB aliyewahi kurusha nyingi hivyo kwenye mechi moja bila kukosa hata moja. Usiku huohuo akadaka tachidauni, aliyemrushia akiwa mpokeaji wake Amon-Ra St. Brown. Kwenye gemu, kile Goff anachokifanya kabla mpira haujachezwa, kusoma ulinzi, kubadilisha mpango, kujua atakayekuwa huru kabla mwenyewe hajajijua, kimefichwa kwenye tarakimu moja ya uelewa, ambayo ukimwongoza mwenyewe kwa pedi ya kuchezea gemu haina kazi kubwa. Unampima mpishi wa pilau kwa kasi yake ya kumenya vitunguu.

Na kabla hamjaniletea: ndiyo, nakumbuka Houston, Novemba 2024. Pasi zake tano ziliporwa. Tano. Na Lions wakashinda 26-23, mpigaji wetu wa mateke Jake Bates akipiga mpira wa yadi 52 dakika ya mwisho kabisa. Bates huyo aliwahi kuuza matofali, jamani, matofali ya kujengea nyumba, kabla hajapata timu. Ndiyo maana naipenda timu hii.

Wengine nawapitia haraka. St. Brown: 2023 yadi 1,515, 2024 tachidauni 12, kikosi cha kwanza cha ligi miaka yote miwili, lakini sitampigania afike 99 kwa sababu Chase mwaka 2024 aliongoza ligi kwa pasi alizodaka, kwa yadi na kwa tachidauni, huyo huwezi kumgusa. Ila St. Brown ni mtu aliyechaguliwa wa 112, na hadi leo anawataja kwa majina wapokeaji wote 16 waliochaguliwa kabla yake, na vyuo vyao. Huyo hasahau dharau. Jahmyr Gibbs, mkimbiaji wetu, tachidauni 20 msimu mmoja, nne kati ya hizo alizifunga kwenye mechi ya mwisho dhidi ya Vikings. Barkley alikimbia yadi 2,005 na yuko kwenye jalada la gemu, haya, mpeni. Kerby Joseph aliongoza ligi nzima kwa kupora pasi, tisa. Aidan Hutchinson simdai kitu mwaka huu: alikuwa amemwangusha QB mara 7.5 katika mechi tano, akavunjika mguu pale Dallas Oktoba, msimu ukaisha. Nitamdai mwakani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Detroit hatuna historia ya kubembelezwa. Mwaka 2008 tulipoteza mechi zote 16. Calvin Johnson alikaa kwenye jalada la Madden 13, msimu huohuo akavunja rekodi ya ligi kwa yadi 1,964 za kupokea, na timu ikashinda mechi nne. Barry Sanders naye walimrudisha kwenye jalada mwaka 2013, zaidi ya miaka kumi baada ya kustaafu. Yaani tulipokuwa wabovu sura zetu ziliwafaa kuuza gemu. Sasa tumekuwa wazuri, namba zinaanza kuwa na ubahili.

Na huwezi kuhama. Hilo ndilo linalowapa jeuri. Mwaka 2004 kulikuwa na ESPN NFL 2K5, gemu nzuri, iliuzwa dola 19.99, Madden ikalazimika kushusha bei. Desemba mwaka huohuo EA wakasaini mkataba wa kipekee na NFL, na tangu hapo anayetaka gemu halisi yenye timu na majina ya kweli ana duka moja tu. Bila mshindani, nani atakesha akihakiki alama za mlinzi wa mstari wa mbele? Wanachokikeshea ni Ultimate Team, ambako unanunua pakiti za kadi ukiomba Mungu utoke na mtu wa maana.

Hapa Michigan, jimbo la Detroit, tuko Waswahili wengi kuliko mnavyofikiri. Grand Rapids na Lansing ukipita mitaa fulani utasikia Kiswahili cha Kongo toka dirisha hadi dirisha, na vijana wao wamekua na jezi za bluu za Lions. Vijana hao wakiwasha PS5 wanaona timu yao ya 15-2 haina mtu kileleni. Mnawafundisha nini?

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini kaniambia Lions walipigwa 45-31 nyumbani na Washington kwenye mchujo, Goff akaporwa pasi tatu, kwa hiyo ninyamaze. Asante kwa kumwagia chumvi kidonda. Lakini Ravens ya Lamar nayo ilitolewa, na Bills ya Allen ikatolewa raundi iliyofuata, na wote wawili wana 99. Chase na Garrett walikuwa nyumbani wakitazama kwenye runinga. Kipigo cha Januari kinapunguza alama za Detroit peke yake?

NYONGEZA 2: Anayesema "si ubadilishe alama mwenyewe". Ndiyo, kwenye Franchise, ile ya kuendesha timu msimu hadi msimu, nje ya mtandao unaweza kumpa Sewell 99, hata 99 kwenye kila kitu, ukajifurahisha peke yako sebuleni. Ukiingia mtandaoni kukutana na watu, zinazotumika ni zao. Na hata kwenye Franchise kompyuta inathamini wachezaji kwa namba ya jumla, umri na ngazi ya ukuaji. Ukigusa moja unavuruga biashara nzima ya kubadilishana wachezaji.

Wanasema alama hurekebishwa msimu ukiendelea. Najua, zimekuwa zikirekebishwa miaka yote. Mechi ya kwanza Lions wanakwenda Green Bay tarehe 7 Septemba 2025. Naweka hapa madai yangu rasmi: Sewell apandishwe kabla ya Oktoba, na Goff aongezewe pale kwenye usahihi wa pasi za kati na pale kwenye pasi za kumhadaa mlinzi kwamba mpira unakimbizwa. Hayo mawili tu. Sijaomba kasi, nina akili timamu.

Na yule wa Eagles anayeniwekea vicheko tangu saa ile, mimi leo usiku saa tatu za Michigan nipo mtandaoni. Njoo na Barkley wako na Lane Johnson wako wa 99. Mimi nakuja na Goff.