Vipandikizi vya anubiasi vimeoza: nimekosea wapi?

Maji Tulivu:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina tangi la samaki la lita 90, na kwa miaka miwili nimetunza humo anubiasi moja ya aina ile fupi iitwayo nana, ambayo shina lake tambazi lilikuwa limefikia urefu wa kiganja cha mkono. Kwa kuwa mmea huu hunipa jani moja tu kila baada ya wiki tatu hivi, nilichoka kungoja, na mwezi uliopita nililikata shina kwa mkasi kuwa vipande sita, kila kimoja kikiwa na jani moja au mawili, nikavifukia mchangani ili visielee. Kufikia wiki ya tatu vipande vinne vilikuwa vimelainika na kunuka, na majani yalidondoka yakiwa bado ya kijani. Viwili vilivyobaki vimesimama tu, havifi wala havikui. Naomba kujua kosa langu, na kama kangaga la Java na kriptokorine, ambazo pia ninazo, huzidishwa kwa njia hiyo hiyo.

Jani Pana:
Pole kwa hasara hiyo. Kwa maoni yangu umekata vipande vidogo mno. Shina tambazi ndilo ghala la chakula la mmea huu, na kipande chenye jani moja kinalazimika kuponya kidonda, kuota mizizi na kuamsha tumba jipya kwa akiba ndogo sana. Mimi sikati kipande chenye majani pungufu ya manne. Pia acha mkasi, tumia wembe mpya uliosafishwa kwa spiriti, kwa sababu mkasi hauachi mkato safi bali huponda nyama ya shina, na sehemu iliyopondeka ndiyo huanza kuoza. Nawa mikono ukimaliza, maana utomvu wake una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazoweza kuwasha ngozi.

Kitalu cha Kivulini:
Kuhusu wembe nakubaliana na Jani Pana, lakini sidhani kwamba udogo wa vipande ndio ulioviua. Mwenye swali ametaja, kama jambo la kupita tu, kwamba alivifukia mchangani, nami naona kosa liko hapo. Katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, anubiasi nyingi huota kando ya vijito zikiwa zimeshikilia mawe na magogo, mizizi ikipenya nyufani huku shina lenyewe likibaki wazi. Ukilifunika kwa mchanga, hewa hupungua kulizunguka, na mkato mbichi ukiwa katika hali hiyo huoza upesi. Nimewahi kuacha vipande vya shina kuukuu visivyo na jani hata moja vikielea juu ya maji, na baada ya wiki nyingi vikatoa vinundu vya kijani ambavyo leo ni mimea kamili.

Fukua basi hivyo viwili vilivyobaki na uviminye kwa kidole. Palipo pagumu ni pazima, na palipo laini pakatwe mpaka ufikie nyama ngumu isiyo na rangi ya kahawia. Kisha vifunge juu ya jiwe kwa uzi wa pamba, bila kukaza sana, ukihakikisha kwamba ni mizizi pekee inayogusa mchanga.

Ama kuhusu kuzidisha bila kuhatarisha mmea mama, njia ninayoipenda ni kutotenganisha chochote mwanzoni. Ncha ya shina inayoendelea kukua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka shinani na kuyafanya matumba ya pembeni yaendelee kulala. Ukilichanja shina kwa wembe hadi karibu na nusu ya unene wake, katika ile sehemu ya nyuma iliyokwisha kupoteza majani, unapunguza amri hiyo ya ncha, na mara nyingi tumba moja au mawili yaliyo nyuma ya mkato huamka. Wakati wote huo kipande bado kinalishwa na majani ya mbele. Chipukizi likifikisha majani matatu na kuwa na mizizi yake, ndipo unamalizia ile nusu iliyobaki. Shina lenye urefu wa kiganja linaweza kuchanjwa mahali pawili, lakini mimi huanza na mahali pamoja tu.

Maji Tulivu:
Ahsanteni sana. Nimevifukua: kimoja ni kigumu chote, cha pili kilikuwa kimeoza upande mmoja, nami nimekata sehemu hiyo. Je, nikiongeza mwanga, havitakua haraka zaidi?

Bwawa Dogo:
Usiongeze, ndugu yangu. Jani la anubiasi huishi muda mrefu, na jani lisilobadilishwa upesi ndilo mwani hupenda kukaa juu yake. Mwanga wa saa 6 hadi 8 kwa siku unatosha kabisa, tena ukiwa hafifu. Hata jina la mmea huu linadokeza hivyo, kwani Heinrich Wilhelm Schott, aliyelitoa mwaka 1857, alilitohoa kutoka kwa Anubis, mungu wa Wamisri wa kale aliyehusishwa na wafu na kuzimu.

Ukitaka kasi, litoe shina majini. Kaboni dioksaidi husambaa ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani, kwa hiyo jani lililo hewani hupata chakula chake kwa urahisi zaidi. Chukua kopo pana la plastiki angavu lenye kifuniko, utandaze chini yake sifongo safi iliyolowa, ulaze shina juu yake, ufunike na uliweke mahali penye mwanga pasipopigwa na jua. Fungua kifuniko kila siku kwa dakika chache ili hewa ibadilike na ukungu usianze. Mwani hautakusumbua humo, ingawa mmea ukirudishwa majini majani kadhaa ya zamani yanaweza kufa kabla mapya hayajazoea.

Jani Pana:
Nakubali, mchanga sikuuona kabisa nilipokuwa nikisoma swali. Kuhusu yale mengine mawili, kangaga la Java lina shina tambazi pia, nalo halifukiwi, lakini halihitaji kukatwa ili lizidi. Majani yake makuukuu huota vitoto kwenye kingo na nchani, na vile vidoa vya kahawia vilivyopangika chini ya jani, ambavyo wengi huvidhania ugonjwa, ni vifuko vya spora, yaani chembe zake za uzazi. Subiri kitoto kiwe na majani matatu na mizizi, ukibandue.

Kriptokorine ni kinyume chake, kwani mizizi yake inataka kufukiwa mchangani. Yenyewe hutambaza vikonyo chini ya mchanga na kuchomoza mbali kidogo na mama, nawe unakata kikonyo hicho mtoto akishajitegemea. Mama usimng'oe, kwa sababu kriptokorine ikisumbuliwa huyeyusha majani yote. Hata hilo likitokea usiitupe, maana mizizi mizima huchipua tena.

Kitalu cha Kivulini:
Nyongeza moja kwa Maji Tulivu: kile kipande ulichokikata leo kikague tena baada ya siku tatu au nne kabla hujakifunga juu ya jiwe, kwa sababu uozo hutangulia ndani ya shina kuliko unavyoonekana nje. Ukikuta mkato umegeuka kahawia na kulainika, punguza tena.