Naomba ushauri: mchoro wa Matejko, ni ushahidi wa 1410 au wa 1878?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naandaa wasilisho la darasani kuhusu Jan Matejko, mchoraji wa Krakow (1838–1893), na nimekwama.

Mchoro wenyewe ni "Vita vya Grunwald", uliokamilika 1878, una upana wa karibu mita 10. Unaonyesha mwaka 1410, Wapolandi na Walithuania wakiwashinda wapiganaji wa Kijerumani wenye misalaba (Teutonic Knights). Katikati yuko Vytautas, mtawala mkuu wa Lithuania, upanga juu. Mawinguni kuna mtakatifu amepiga magoti. Hapo ndipo kichwa kinaniuma: mtakatifu mawinguni ni historia gani? Ila mwaka 1878, mchoro ulipokamilika, Poland haikuwepo hata kwenye ramani, ilikuwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria.

Nilianza kwa kuorodhesha "makosa" ya mchoraji, mwalimu akasema nimepotea njia. Nikajaribu kusimulia vita, ikawa hotuba ya vita tu, mchoro nimeusahau.

Naomba mnisaidie: nianze na 1410 au 1878? Na yule Stańczyk, mchekeshaji wa ikulu kwenye mchoro wake wa 1862, anayewaza peke yake huku wengine wakicheza dansi, nimwite "chale wa mfalme" au kuna neno zuri zaidi?